Kupima Macho ni Kazi ya Daktari, Kuuliza Maisha ni Kazi Yetu

SOMO LA MWEZI
Kwa wahudumu wa afya wa jamii, walimu, viongozi wa jumuiya na vikundi



Wengi wenu mnaotembelea nyumba za watu mmeshaonyeshwa karatasi ya kupimwa macho. Mtu amekwenda hospitali, amerudi, na karatasi yake imeandikwa 6/60 au 3/60. Kando yake kuna neno la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni "kidogo", "wastani", "mkali" au "upofu". Mwenye karatasi anaitoa mfukoni na kukuuliza, "Hii inasema nini? Nitaweza kazi? Nitapata msaada?"

Swali la kazi karatasi hailijibu. Swali la msaada inalijibu nusu tu. Inachosema hasa ni hiki: jicho la mtu huyu linaona herufi ya ukubwa gani akiwa mbali kiasi gani. Hilo ni jambo la maana sana, lakini ni jambo moja. Jinsi mtu anavyoishi na macho hayo ni jambo lingine, na hakuna chati ya ukutani inayoweza kulipima. Linajulikana kwa kumwuliza mwenyewe.

Lengo la somo hili ni mambo matatu. Kwanza, uweze kueleza madaraja ya uoni kwa lugha ambayo mtu wa nyumbani ataelewa. Pili, ujue kwa nini watu wawili wenye daraja moja huishi maisha tofauti kabisa. Tatu, uwe na maswali ya kuuliza unapomtembelea mtu, ili msaada mtakaopanga uwe ule anaouhitaji.

1. NAMBA HIZI ZINATOKA WAPI?

Chati ya herufi tunayoiona kwenye kliniki za macho ilianzishwa mwaka 1862 na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen. Herufi kubwa iko juu, na kila mstari unaofuata unakuwa mdogo zaidi. Mtu hukaa mita 6 kutoka kwenye chati. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono vidole vya E vinaelekea wapi.

Katika 6/60, namba ya kwanza ni umbali aliokaa yeye, yaani mita 6. Namba ya pili ni umbali ambao mtu mwenye macho mazima angeiona herufi hiyo hiyo, yaani mita 60. Kwa hivyo mwenye 6/60 inambidi asogee mpaka mita 6 ili aone kile ambacho jirani yake anakiona akiwa mita 60. Mwenye 3/60 inambidi asogee mpaka mita 3. Mwenye 6/6 anaona kama watu wengi wanavyoona.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limepanga madaraja haya kwa kuona mbali:

– Upungufu kidogo: chini ya 6/12 hadi 6/18.
– Upungufu wa wastani: chini ya 6/18 hadi 6/60.
– Upungufu mkali: chini ya 6/60 hadi 3/60.
– Upofu: chini ya 3/60. Humu ndani wamo wanaohesabu vidole kwa karibu, wanaoona mwanga tu, na wasioona hata mwanga.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka hapa. La kwanza, daraja hutolewa kwa kufuata jicho lililo zuri zaidi. Aliyepoteza jicho moja na la pili ni zima, kwa hesabu hii hana upungufu wowote. La pili, siku hizi WHO hutaka mtu apimwe jinsi anavyoishi: kama ana miwani aivae, kama hana apimwe bila. La tatu, hata mwenye kusoma herufi vizuri huwekwa katika daraja la upofu ikiwa anachokiona ni kijisehemu kidogo sana cha mbele yake, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Na hapa tujifunze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mipaka hii iliwekwa na watu. Nchini Marekani, mtu ambaye jicho lake zuri halipiti 6/60 hata akivaa miwani iliyo bora, kisheria huhesabiwa kuwa kipofu. Kwa madaraja ya WHO, mtu huyo huyo mwenye 6/60 yuko kwenye "wastani". Macho ni yale yale na giza ni lile lile, ila jina limebadilika kwa sababu mstari umechorwa mahali tofauti.

2. DARAJA LINA FAIDA GANI?

Isije ikaonekana kwamba tunadharau vipimo. Bila daraja mambo mengi yangekwama.

Daktari analihitaji ili ajue kama macho yanazidi kuharibika au yanapata nafuu. Serikali na hospitali zinalihitaji ili zijue wapeleke wapi wapasuaji, miwani na walimu. WHO inasema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona mbali au karibu, na kati yao wasiopungua bilioni 1 shida yao ingeweza kuzuiwa au bado haijashughulikiwa. Hesabu kama hiyo haiwezekani bila madaraja.

Hapa Kenya daraja ni mlango wa kisheria pia. Tangu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025, mtu hufanyiwa tathmini hospitalini kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio hatua ya kwanza ya kuomba mambo kama msamaha wa kodi ya mapato kwa wenye mishahara. Kwa hivyo yeyote anayestahili apimwe na asajiliwe. Asikae nyumbani akisema, "Karatasi itanisaidia nini?"

Tena ni kweli kwamba, tukichukua watu wengi kwa pamoja, macho yakizidi kufifia maisha nayo huzidi kuwa magumu. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 2000 watafiti, akiwemo daktari wa macho Mkenya Wanjiku Mathenge, waliwafuata watu wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru ambao mtoto wa jicho ulikuwa umewazuia kuona. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Bangladesh na Ufilipino. Waligundua kwamba wenye mtoto wa jicho walikuwa na hali duni ya maisha kuliko wenzao wa rika lao walioona vizuri. Baada ya upasuaji, mwaka mmoja hivi baadaye, waliopasuliwa walikuwa wamerudi kwenye kazi zaidi, walihitaji kushikwa mkono kidogo zaidi, na matumizi ya nyumba zao yalikuwa yameongezeka. Mzee akiona, nyumba nzima inaona.

Basi daraja ni chombo kizuri. Shida huanza pale tunapolichukua kana kwamba limemaliza habari yote ya mtu.

3. NENO "WASTANI" LINAVYODANGANYA

Mwalimu akisikia mtoto ana upungufu "wa wastani", anafikiri ni shida ndogo. Hata kwenye ripoti ya shule, mtoto wa wastani si wa kuhangaikiwa. Lakini hebu tutazame wastani wa daktari ni nini. Mwenye 6/60, akiwa mita 6, anaona herufi moja tu, ile kubwa ya juu kabisa. Mistari mingine yote kwake ni ukungu.

Watoto wengi wenye ualbino wamo katika madaraja haya ya katikati. Hawahesabiwi kuwa vipofu. Wanatembea wenyewe, wanacheza, wanakimbia na wenzao. Kwa sababu hiyo mwalimu haamini kwamba hawaoni ubao. Mtoto akiinamia daftari mpaka pua iguse karatasi, anaambiwa akae sawa. Akichelewa kunakili, anaitwa mvivu. Akiomba kusogea mbele karibu na dirisha, mwanga wa jua unamchoma macho, anaonekana mtundu ambaye hatulii. Baada ya miaka mitatu hivi, mtoto mwenyewe ameshaamini kwamba kichwa chake ni kizito. Hapo kilichoharibika zaidi si macho.

Upande mwingine, mtoto asiyeona kabisa aliyepelekwa mapema kwenye shule yenye walimu wa Breli anasoma, anaandika, anafanya mtihani na kuendelea. Shule kama hizo tunazo tangu zamani. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na makanisa mengine, Kanisa Katoliki likiwemo, yalifungua shule zao baadaye. Ukiwaweka watoto hawa wawili kwenye chati, wa kwanza amemshinda wa pili kwa mbali. Ukiwaweka darasani, huenda aliyepata daraja baya zaidi ndiye anayesoma vizuri zaidi, kwa kuwa yeye shida yake iliaminiwa.

Mtu wa katikati ana mzigo huo wa kutoaminiwa. Haoni vya kutosha kufanya kazi kama wengine, wala si kipofu wa kutosha kuhurumiwa. Mwanamume mmoja niliyemsindikiza kwenye ofisi fulani aliambiwa, "Wewe umekuja mwenyewe bila kushikwa mkono, unataka msaada gani?" Alikuwa amekuja mwenyewe kwa sababu njia ile ameitembea miaka thelathini. Alichoshindwa ni kusoma fomu aliyopewa.

4. MAMBO AMBAYO CHATI HAIYAONI

Chati inapima jambo moja: herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, chumbani, penye mwanga mzuri, mtu akiwa ametulia. Maisha ya kijijini hayako hivyo. Tuyapitie mambo sita.

(a) Kuona pembeni. Presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida huanza kula pembeni na kuacha katikati. Mtu anaweza kusoma mistari ya chini kabisa ya chati na bado akagonga nguzo, akamwaga maji ya watoto, akashindwa kuona bodaboda inayotoka kando. Watu wanasema amelewa.

(b) Mwanga na giza. Kuna magonjwa ya ndani ya jicho, na pia ukosefu wa vitamini A, yanayomfanya mtu asione jioni. Saa sita mchana yuko sawa. Saa kumi na mbili jioni hawezi kutoka mlangoni. Mama wa namna hii akipimwa mchana atapata daraja zuri, na huku anashindwa kwenda chooni usiku.

(c) Rangi zinazokaribiana. Mwenye mtoto wa jicho anaweza kujitahidi akaona herufi nyeusi juu ya nyeupe, lakini asione ngazi ya saruji ya rangi moja, au ugali mweupe kwenye sahani nyeupe. Anaanguka, anaona aibu kula mbele ya wageni, mwishowe haendi tena arusini wala matangani.

(d) Kuona karibu. Madaraja manne tuliyotaja ni ya kuona mbali. Kuona karibu kunapimwa peke yake, na mara nyingi hakupimwi kabisa. Baada ya miaka 40 macho ya karibu hufifia kwa karibu kila mtu. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi, mama anashindwa kuchambua mchele, mwenye duka anashindwa kusoma simu.

Utafiti mmoja unaonyesha jambo hili vizuri sana. Ulichapishwa mwaka 2018, nao ulifanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wa miaka 40 na zaidi. Wote waliona mbali vizuri, maana yake kwenye daraja la kuona mbali hawakuwa na kasoro. Shida yao ilikuwa ya karibu. Nusu walipewa miwani ya karibu mwanzoni, wengine wakapewa baada ya utafiti kwisha. Waliopewa mwanzoni walichuma majani mengi zaidi kwa siku, na walipolinganishwa na wenzao tofauti ilikuwa zaidi ya asilimia 20. Ndugu zetu wa Kericho, Nyamira na Murang'a wanajua asilimia 20 ya kilo za chai ni ada ya nani na unga wa siku ngapi. Mabadiliko hayo yote yalitokea bila daraja la kuona mbali kusogea hata hatua moja.

(e) Shida ilikuja lini, na kwa haraka gani. Aliyezaliwa haoni amejifunza dunia kwa masikio na mikono tangu utotoni. Aliyepoteza macho mwaka huu, akiwa na miaka 45, amepoteza pia kazi, usingizi, na imani kwamba yeye ni mtu wa maana nyumbani. Wote wawili wameandikiwa "upofu". Wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza kabla ya kuhitaji fimbo.

(f) Watu wanaomzunguka. Kuna nyumba ambayo mama asiyeona vizuri bado ndiye anayepika, anayeshika pesa na kuulizwa ushauri. Kuna nyumba nyingine ambayo mama wa macho yale yale amenyang'anywa ufunguo wa stoo, amewekwa kitini kwenye jua asubuhi na kurudishwa ndani jioni kama mahindi ya kuanika. Wanasema wanamtunza. Mwulize yeye kama anatunzwa.

Mwaka 1999 watafiti wawili, Gary Albrecht na Patrick Devlieger, waliandika juu ya watu waliozungumza nao huko Marekani wenye ulemavu wa namna mbalimbali, kuanzia wa wastani hadi mzito. Zaidi ya nusu walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Majirani wakitazama kwa nje hawakutarajia hivyo. Funzo ni kwamba tusimhukumu mtu kwa kumtazama. Lakini tuwe waangalifu: habari hii isitumiwe kumwambia mgonjwa azoee hali yake. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Glakoma haiponi na kilichopotea hakirudi, lakini ikigunduliwa mapema dawa au upasuaji huokoa kilichobaki. Kwanza hospitali, kuzoea baadaye.

5. KUBADILISHA MAISHA BILA KUBADILISHA DARAJA

Mtu ambaye daktari amesema, "Hapa tumefika mwisho," bado hajafika mwisho wa kusaidiwa. Tuangalie mifano.

Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti mpya mwaka 2019, kwenye kingo za noti iliweka mistari iliyoinuka ambayo idadi yake inatofautiana kulingana na thamani ya noti. Asiyeona akipapasa anaweza kujua ameshika kiasi gani. Hakuna jicho lililopona siku ile, lakini mwenye kibanda cha nyanya aliyekuwa akidanganywa chenji amepata ulinzi kidogo.

Simu nazo siku hizi nyingi zina uwezo wa kusoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. Hili si jambo la anasa. Fikiria mtu anayelazimika kumpa kijana wa jirani namba yake ya siri ya M-Pesa kila mara akitumiwa pesa na mwanawe. Anaweza kuibiwa, na hata asipoibiwa, hana siri tena. Kumfundisha kutumia simu yake mwenyewe ni kumrudishia siri zake.

Mambo mengine hayana gharama kubwa. Kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni. Rangi nyeupe au chokaa kwenye ukingo wa ngazi. Kikombe cha rangi kwa uji mweupe. Vitu vya jikoni virudishwe mahali pake kila siku. Mtoto wa shule akae mbele, mbali na mwanga unaomchoma, avae kofia, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha namna ya kuitumia. Kila moja ya hayo linampa mtu jambo fulani alilokuwa amenyimwa, na karatasi yake ya hospitali inabaki vile vile.

6. TUULIZE NINI?

Wenye elimu ya afya wametengeneza orodha za maswali ya kupima maisha ya mtu mwenye shida ya macho. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ina orodha ya maswali 25. Baadhi yanahusu kuendesha gari, jambo ambalo nyanya wa Kitui hana shida nalo. WHO ina orodha yake ya maswali 20, na ndiyo iliyotumika Nakuru. Hata sensa yetu ya mwaka 2019 haikuleta chati nyumbani kwako. Iliuliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, na kama shida hiyo ni kidogo, ni kubwa, au haoni kabisa. Kwa swali hilo walihesabiwa watu 333,520 wa miaka 5 na zaidi wenye shida kubwa ya kuona au wasioona kabisa.

Sisi hatufanyi utafiti. Tunataka kujua tusaidie wapi. Maswali haya kumi yanatosha kuanzia:

1. Je, unaweza kumtambua mtu kwa uso akiwa mlangoni, au unangoja asikike sauti?
2. Unatembea mwenyewe wapi, na ni wapi umeacha kwenda?
3. Jioni na usiku unafanyaje?
4. Umeanguka au kugonga kitu mwezi huu?
5. Kazi gani ulikuwa unafanya ambayo umeiacha kwa sababu ya macho?
6. Nani anashika pesa zako? Nani anajua namba yako ya siri?
7. Unaoga, unapika na kwenda chooni bila kungoja mtu?
8. Je, hapa nyumbani unaulizwa maoni, au unaambiwa tu yaliyoamuliwa?
9. Kuna siku unakaa na huzuni au hofu juu ya macho yako? Huwa unamwambia nani?
10. Kama tungeweza kurekebisha jambo moja tu, ungetaka liwe lipi?

Namna ya kuuliza ni muhimu kama maswali yenyewe. Msalimie yeye kwanza, kwa jina lake au kama anavyoitwa kwa heshima, baba fulani, nyanya, mwalimu. Usimwulize binti yake, "Huyu anakula vizuri?" na yeye ameketi hapo. Jitambulishe, maana hakuoni, na ukiondoka mwage, asije akaendelea kuongea na kiti kitupu. Maswali ya pesa na huzuni uyaulize mkiwa wawili. Na lugha iwe ya staha: Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha.

7. HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, kama hajawahi kupimwa, au alipimwa zamani, apelekwe. Usikubali neno "ni uzee tu". Jumuiya ichange nauli kama ni lazima, na mtu amsindikize.

Pili, karatasi ya daraja itunzwe vizuri. Kama anastahili kusajiliwa, afuatiliwe mpaka akamilishe. Akikataliwa kwa sababu "bado anaona", mwombeni ofisa aandike sababu, kisha mrudi na majibu ya maswali kumi mkionyesha anachoshindwa kufanya.

Tatu, chagueni jibu lake la swali la kumi muanze na hilo. Kama amesema anataka kurudi kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama, basi msaada ni mtu wa kupita kumchukua. Msimletee blanketi.

Nne, mrudi baada ya miezi mitatu na kuuliza maswali yale yale. Huenda daraja likawa halijabadilika. Mtazame kama ameanza kwenda mahali alipokuwa ameacha kwenda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani ameitwa mvivu, mlevi au mwenye maringo, na huenda ni macho?
2. Ni watoto wangapi katika shule yetu wanaokaa nyuma na hawaoni ubao? Nani atazungumza na mwalimu mkuu?
3. Tutaje nyumba moja ambayo mtu asiyeona vizuri amenyang'anywa kazi zake. Ni kazi gani anaweza kurudishiwa wiki hii?
4. Kuna mtu wa miaka 40 na zaidi kati yetu ambaye ameacha kazi ya mikono kwa kukosa miwani ya karibu? Miwani hiyo inauzwa wapi karibu nasi, na kwa bei gani?

KAZI YA MWEZI: Kila mmoja atembelee nyumba moja, aulize maswali kumi, na aandike jibu la swali la kumi kwa maneno ya mwenyewe bila kuyarekebisha. Tuyalete kwenye mkutano ujao tuyasome kwa pamoja na kupanga tuanze na nani.